Magunia Manne Chini ya Tundu

"Niwaite?"

"Tuite!"

"Nimwage?"

"Mwaga, tunakinga!"

Basi bondeni palikuwa na ghala la mahindi la Bwana Kiboko, mwenye tumbo kubwa na akili kiduchu. Paa lilikuwa na tundu juu ya pembe ya mashariki. Na wafanyakazi wake, Punda, Kondoo na Kanga, walipanga magunia wapi? Pembe ya mashariki! Chini ya tundu! Siku ya kwanza, jua likiwaka, Kiboko alisema, "Pangeni pale." Tangu hapo hakuna aliyeinua macho.

Mvua ikinyesha, ndo! ndo! ndo! Magunia yanalowa. Kiboko anasema, "Yaliyolowa ni yangu." Anakula. Kila mfanyakazi aliahidiwa gunia moja kavu mwisho wa msimu, na kila msimu walirudi nyumbani na pole.

Mlangoni palikuwa na kibao: MWENYE KUULIZA SWALI AMEPOTEZA GUNIA, AWE NANI.

Msimu ule Nguchiro akaajiriwa. Nyumbani aliacha watoto wanne wanaotafuna mizizi, na bila gunia lile wasingeiona mvua nyingine. Siku ya kwanza tu akatazama juu, akatazama chini.

"Jamani, mbona tunapanga chini ya..."

"Shhh!" Punda akamziba mdomo. "Dada, usiulize! Hapa ndivyo tunavyofanya."

"Nani kauliza huko?" Kiboko akanguruma kutoka kitandani.

"Nimepiga chafya tu, mkubwa!"

Nguchiro akashika kazi, lakini moyoni aliwadharau wote. Mazezeta wazima, macho wanayo, kazi yake kupepesa tu! Akangoja. Magunia yakalowa, yakaliwa, yakabaki manne ya mwisho, na wingu likatanda.

Mchana, Punda akisinzia amesimama, Nguchiro akayakokota manne yale hadi pembe ya magharibi. Bururu! Bururu! Akajaza pumba kwenye magunia matupu manne, akayapanga chini ya tundu.

Punda alipozinduka karibu azirai. "Magharibi! Hatujawahi kupanga magharibi!"

"Ya mashariki yapo palepale, kaka. Hesabu."

Punda akahesabu. Manne. Akatulia, kwa kuwa kwake kazi ilikuwa hesabu kutimia.

Mvua ikashuka. Ndo! ndo! ndo! Kiboko akaja mbio, akapasua gunia, akabugia. Kho! Kho! Kho! Pumba puani, pumba kooni.

"Pumba! Nani kaweka pumba?"

"Moja," akasema Nguchiro.

"Mahindi yangu yako wapi?"

"Mbili."

"Unahesabu nini wewe?"

"Tatu."

"Mnanikodolea macho kwa nini?"

"Nne. Kibao kinasema, mkubwa. Awe nani."

Kiboko akafura. "Kibao niliwaandikia nyinyi! Punda, mtupe nje huyu!"

Punda akamtazama mkubwa, akakitazama kibao, akakisoma herufi kwa herufi. Maisha yake yote hakuwahi kukipinga, na leo asingeanza. "Imeandikwa, mkubwa," akasema kwa huzuni, akabeba gunia kavu. Kondoo akabeba kwa sababu Punda amebeba. Kanga akasukuma lake kwa sababu Kondoo amebeba. Kiboko akabaki anatema makapi, pfu! pfu!

Nje, Nguchiro akiburuta lake huku akiwaza uji wa wanawe, Punda akamsogelea machozi yakimlenga.

"Dada Nguchiro, sasa kesho nani atatuambia tupange wapi?"

Nguchiro akamtazama Punda yule, aliyelowesha chakula chake mwenyewe misimu saba. Huruma ikamjia, ikapita.

"Tano," akasema, akaliburuta na gunia la Punda.

Hapo ndipo ngano yangu ilipofikia. Anayeitaka abebe, asiyeitaka aiache mlangoni.

Na funzo lake, enyi waajiriwa, ni hili: kazini fanya unavyoambiwa, usitazame juu, usiulize. Misimu saba Punda hakuuliza kitu, na alipouliza mara moja tu, mmeona yaliyompata.