Subilaga na Wazee wa Kanisa

Wapendwa, leo nimepanda mimbarani nikiwa na hasira, na sitaificha.

Katika usharika mmoja kulikuwa na mwalimu wa kwaya, tumwite Subilaga. Hedhi yake ilikuwa imekoma. Basi akaanza kuwashwa sehemu za siri, akatokwa na majimaji yenye harufu, na tendo la ndoa likawa mateso. Angemweleza nani? Ni nani kati yetu aliyewahi kumwambia kwamba mambo hayo yanasemeka? Akanyamaza, akawa anajiosha ndani kwa sabuni ya unga na ndimu. Hali ikazidi.

Mumewe akamkabili. "Ugonjwa huo umeutoa wapi? Mimi sijatoka nje."

"Baba Ambokile, nakuapia, sijamjua mwanamume mwingine."

"Kawaapie wazee wa kanisa."

Akampeleka kweli. Wanaume peke yao wakakaa kumjadili, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Kwanza akapimwe." Jumapili ikatangazwa kwamba Subilaga ameondolewa kwenye kwaya kwa tuhuma za uzinzi. Kanisa zima likageuza shingo kumtazama. Msiinamishe vichwa, nitazameni mimi!

Dada yake ndiye aliyemshika mkono hadi hospitali. Daktari akampima, akamwambia, "Mama, ukeni mna bakteria wema. Homoni iitwayo estrojeni huwasaidia kupata chakula, nao hutengeneza asidi inayowazuia bakteria wabaya. Hedhi ikikoma, homoni hiyo hushuka, na walinzi hao hupungua. Sabuni nayo imewaumiza waliobaki."

"Kwa hiyo si uzinzi?"

"Ni umri, mama. Na tiba ipo."

Akatibiwa, akapata nafuu. Mumewe akaitwa, akaelezwa na daktari yuleyule, akalia mbele ya mkewe akimwomba msamaha. Habari zikawafikia wazee. Wakamwita Subilaga ofisini, wakafunga mlango.

"Mama, yameisha. Jumapili rudi tu kwaya, tusiyafukue tena."

Subilaga akasimama. "Mlinichafua mbele ya watu wote. Leo mnanisafisha chumbani?"

Akatoka, na hakurudi. Sasa anafundisha kwaya katika usharika wa jirani, na mumewe humsindikiza.

Mnamwonea huruma? Huruma yenu haimsaidii! Wazee wale ni sisi. Mungu aliuumba mwili wa mwanamke, akaweka humo walinzi wadogo tusiowaona, na ni yeye aliyepanga hedhi ikome. Nani alituruhusu kuuita umri dhambi? Mwanamume akipata mvi tunamwamkia. Mkewe akibadilika mwili tunamwitia kikao!

Kama yumo humu mwanamke tuliyemtangaza hivyo, leo sitoi baraka ya kuwaruhusu kwenda nyumbani. Tutasimama kwanza, tumtaje jina lake, tumwambie, watoto wake wakisikia: tulikusingizia.