Bi Sange na Kata ya Maji Mekundu

Hapo zamani za kale, na msiniulize zamani ipi, maana wapo wanaosema zamani yenyewe bado haijafika, palikuwa na bonde ambalo mto wake ulibadilika rangi kila siku.

Mnacheka? Haya, chekeni. Bi Sange hakuwa anacheka.

Sange mnamjua? Yule mnyama mdogo, amempita panya kidogo tu, mwenye pua ndefu utadhani aliazima kwa tembo akasahau kurudisha. Akikimbia humwoni, unaona majani yanatikisika tu. Basi Bi Sange alikuwa mjane. Kila asubuhi alipoamka alipiga mguu wa nyuma chini, tap-tap-tap, maana masange ndivyo wanavyoitana, mke na mume. Kisha alisikiliza. Kimya. Mumewe alikufa tangu mwaka juzi, na Bi Sange alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, lakini mguu ulishazoea.

Baada ya hapo alichukua ufagio, akafagia njia. Fyagi, fyagi, fyagi. Alitoa majani makavu yote mpaka njia ikang'aa. Njia ya kupita nani? Hakuna. Jirani zake wote walikuwa wamehama. Alifagia tu, maana asingefagia, angekaa chini na kulia.

Sasa nisikilizeni, wewe mwenye kutafuna muwa hapo nyuma na wewe nisikilize.

Huko juu mtoni, nyuma ya ua wa miiba, alikaa Kiboko. Mheshimiwa Kiboko, kama alivyotaka aitwe. Kiboko alikuwa na kidimbwi cha maji safi, na pembeni ya kidimbwi alijenga kiwanda cha rangi, kwa sababu wakubwa wa huko juu walipenda nguo mpya kila sherehe. Maji safi yalibaki juu. Mabaki ya rangi yalimwagwa mtoni, pwaaa, yakashuka Bonde la Chini.

Jumatatu mto ulikuwa mwekundu. Jumanne buluu. Jumatano manjano. Alhamisi mweusi tii. Watoto wa Bonde la Chini walijua leo ni siku gani kwa kutazama ndimi za wenzao. Vyura ndio walionyamaza kwanza. Wakafuata ndege. Kisha Alhamisi moja ya kiangazi Mzee Sange akazidiwa na kiu, akanywa maji meusi, na Ijumaa hakuamka.

Mtaniuliza, kwani hawakulalamika? Walilalamika! Walikwenda mpaka uani kwa Kiboko, wakapokelewa na karani wake, Fisi, mwenye daftari kwapani.

"Nyinyi ni nani?" Fisi aliuliza.

"Sisi ni wenyeji wa Bonde la Chini."

"Wenyeji! Hihihi! Nani kawaambia? Bonde lote hili ni nyumba ya Mheshimiwa Kiboko. Mwenyeji ni yeye. Nyinyi ni wageni tu. Mgeni hachagui maji. Mgeni anasema ahsante!"

Fisi akaliandika hilo daftarini, ikawa sheria. Kila Ijumaa walipangwa mstari mbele ya ua, wakapaza sauti: "Ahsante, mwenyeji!" Ahsante ya nini, wanangu? Ya sumu. Mmoja mmoja wakachoka, wakafunga virago.

Bi Sange hakuondoka, kwa kuwa kaburi la mumewe lilikuwa pale, chini ya mti wa mkwaju, mwisho wa ile njia. Aliishi kwa kulamba umande wa majani. Lakini kiangazi kilikuwa kinakaribia, na umande ulikuwa unapungua kila alfajiri.

Siku moja Fisi alishuka kumtembelea.

"Bado upo tu?"

"Nipo, Bwana Karani."

"Utaondoka lini? Bonde likibaki tupu, mheshimiwa analifanya shimo la kumwagia mabaki ya kiwanda. Huko juu hayana pa kwenda."

"Na kaburi la mume wangu?"

Fisi alilitazama kaburi, akajikuna sikio. "Litafunikwa. Halitasumbua mtu."

Akaenda zake akiimba. Bi Sange akabaki amesimama na ufagio mkononi. Alitaka kumwita mtu amweleze. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Palikuwa na Mzee Konokono peke yake.

Huyu naye nimweleze. Mzee Konokono alianza kuhama tangu mvua za vuli. Nyumba ameibeba mgongoni, mzigo hana, mke hana, ila mwendo! Miezi mitatu barabarani, na siku hiyo ndiyo kwanza alikuwa anapita mlangoni kwa Bi Sange.

"Karibu, Mzee Konokono. Pumzika."

"Nina haraka, mwanangu."

"Haraka hiyo hiyo, pumzika."

Bi Sange akaleta kata yake ya kifuu cha nazi. Humo mlikuwa na umande wa siku mbili, akiba yake yote. Kabla ya kumpa mgeni, alipiga funda moja mwenyewe. Hiyo ndiyo desturi ya nchi ile: mgeni akifika, mwenyeji anaonja kwanza, kutoa uchawi, mgeni aone chakula ni salama. Tajiri anafanya hivyo na maskini anafanya hivyo.

"Hata mimi unanionjea?" Mzee Konokono alicheka. "Tunajuana tangu utoto wako."

"Mgeni ni mgeni. Mwenyeji asiyetaka kuonja ana lake jam..."

Hakumaliza neno. Kata ilibaki hewani.

"Una nini, mwanangu?"

"Mwenyeji," Bi Sange alisema polepole. "Amesema mwenyewe. Ameandika mpaka kwenye daftari!"

"Nani?"

"Kunywa, mzee, kunywa. Halafu usiende mbali."

"Mimi?" alisema Konokono. "Hata nikitaka."

Kesho yake Bi Sange alipanda mpaka uani. Fisi alimkuta pale mlangoni amejitanda kanga, anatabasamu.

"Bwana Karani, nimekuja kushukuru."

Fisi akashtuka. "Leo si Ijumaa!"

"Ijumaa ni mbali, na mimi shukrani imenijaa kifuani. Nimesikia Jumatatu ijayo ni Sherehe ya Ukarimu. Wakubwa wote watakuwepo. Nataka nimshukuru mwenyeji wangu mbele yao, kwa yale maji yake."

"Maji yapi?" Fisi aliuliza, macho ameyakaza.

"Mekundu! Wenzangu walikuwa hawana shukrani, Bwana Karani. Mwenyeji gani mwingine anawamwagia wageni wake sharubati mtoni? Lakini nasikia mnataka kufunga kiwanda siku hiyo, maji yaonekane meupe. Jamani! Mtamwaibisha mheshimiwa. Watu watasema, kumbe anawapa wageni maji matupu!"

Fisi alikuwa kweli amepanga kufunga kiwanda siku hiyo. Alimtazama Bi Sange kwa muda mrefu. Akamwona mdogo, mjane, kanga imechakaa, hana mtu wa kumtetea. Akili kama hiyo angeitoa wapi? Akakimbia kwa bwana wake, na Kiboko aliposikia neno sharubati alivimba kwa furaha mpaka maji ya kidimbwi yakamwagika nje.

"Aje! Na kiwanda kisifungwe! Zidisheni nyekundu!"

Jumatatu ikafika. Mikeka ilitandikwa kando ya mto, ngoma zikapigwa, ndi-ndi-ndi. Nyati alikuja, Twiga alikuja, Punda Milia akaja na nguo mpya ingawa hakuna aliyeiona. Masinia arobaini ya pilau yalipangwa. Kiboko akasimama, tumbo mbele.

"Wageni wangu wa Bonde la Chini wako wapi? Wasogee!"

"Yupo mmoja, mheshimiwa," Fisi alinong'ona.

"Mmoja?"

"Ila anashukuru sana."

Bi Sange akatokea katikati ya miguu ya wakubwa. Siku kama hiyo mume wake angetembea pembeni yake, angempigia tap-tap ya kumpa moyo. Hakuwepo. Akampa Fisi kata, Fisi akachota maji ya mto mbele ya wote, akamrudishia. Maji yalikuwa mekundu, yana povu juu.

"Mheshimiwa, mwenyeji wangu ni wewe?"

"Mimi!" Kiboko alinguruma.

"Mwenyeji wa bonde lote?"

"Lote, mpaka mto unapoishia!"

"Na mimi ni mgeni?"

"Mgeni kabisa! Huna hata kokoto hapa!"

"Na maji haya ni yako?"

"Yangu, tone kwa tone!"

Bi Sange akapiga magoti, akainua kata kwa mikono miwili.

"Basi nionjee, mwenyeji wangu, na mimi nipate kunywa."

Ngoma zikanyamaza. Twiga, ambaye hakuwahi kuinama kutazama Bonde la Chini maisha yake yote, akashusha shingo. "Si ndiyo desturi? Onja, mheshimiwa, mama wa watu ana kiu."

Kiboko aliyatazama maji. Povu likapasuka, pop. "Mimi... nimeshiba."

"Funda moja tu," alisema Bi Sange.

"Karani! Onja kwa niaba yangu!"

"Mimi?" Fisi akaruka nyuma. "Mheshimiwa, leo nimefunga!"

"Umefunga na mfupa mdomoni?" Punda Milia aliuliza, na watu wakaangua kicheko. Kwa! kwa! kwa!

Kiboko akatokwa na jasho. Kata ilikuwa bado imeinuliwa mbele ya pua yake. Hasira zikampanda.

"Nani kasema mimi ni mwenyeji wake? Nilimwalika mimi? Bonde ni lao, wanywe maji yao wenyewe!"

Tap-tap-tap! Bi Sange alipiga mguu chini. "Mmesikia? Bonde ni letu!"

"Tumesikia!"

"Basi mwenye uchafu kwenye bonde letu aje auzoe."

"La! La! Nimekosea!" Kiboko alipiga kelele. "Bonde ni langu! Mwenyeji ni mimi!"

"Basi onja."

"Si mwenyeji!"

"Basi uzoe uchafu wako."

"Ni mwenyeji!"

"Onja."

Kiboko alifungua mdomo, ule mdomo wake mnaoujua, akainusa kata, akarudi nyuma. Hapo Nyati akatazama sinia lililokuwa mbele yake. Akalisukuma pembeni kidogo.

"Na pilau hili," alisema, "mbona nalo hukulionja?"

Lo! Kila mtu akalitazama sinia lake. Punda Milia akatema tonge. Twiga alikuwa ameshameza, ila kwa shingo ile chakula kilikuwa bado njiani, akakirudisha chote. Akainuka mmoja, wakainuka wawili, mikeka ikabaki mitupu. Kiboko akabaki na masinia arobaini na kata moja, maana Bi Sange aliiweka miguuni pake na kuondoka.

Kiboko alidhani ni mzaha wa siku moja. Kesho yake alialika watu, hakuja mtu. Keshokutwa akaalika tena; hakuja mtu. Nani ale kwa mwenyeji aliyeogopa maji yake mwenyewe? Fisi naye akatafuta kazi kwingine. Kiboko akala peke yake, nyam, nyam, akisikia sauti ya meno yake tu katika jumba lake kubwa. Bi Sange, akiwa huko chini, alikisikia kile kimya, na yeye kimya alikijua. Akamwonea huruma. Kidogo. Kisha ikapita.

Siku ya tisa Kiboko hakuweza kuvumilia tena. Alikifunga kiwanda, akang'oa ua wa miiba, akashuka na koleo kuzoa uchafu mwenyewe. Ilimchukua kiangazi kizima, na kiangazi hicho chote Bi Sange alikwenda kuchota kwenye kidimbwi cha juu, mchana kweupe, bila kumwambia mtu ahsante. Mto ulipokuwa mweupe, wakubwa wote waliitwa washuhudie, na Kiboko akanywa maji ya Bonde la Chini, kata nzima.

Mnafurahi? Hata mimi nafurahi. Lakini asubuhi iliyofuata Bi Sange aliamka, akapiga mguu, tap-tap-tap, akasikiliza. Kimya. Maji safi hayamrudishi aliyekufa kwa machafu. Alikaa kando ya kaburi, akalia kilio alichokiahirisha miaka miwili.

Akiwa bado anafuta machozi, akasikia sauti nyembamba kutoka mpakani.

"Bi Sangeee! Nimesikia habari! Narudiii!"

Alikuwa Mzee Konokono. Habari zilimfikia juzi. Jana kutwa alikuwa anageuka.

"Utafika lini, mzee?"

"Nikijitahidi sana, mvua za masika!"

Bi Sange akacheka, mara ya kwanza tangu nianze kuwasimulia. Akachukua ufagio, akaifagia njia yote mpaka mpakani, fyagi, fyagi, Konokono asikwazwe hata na jani moja. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alichota kata ya maji ya mto, akamfuata mgeni wake huko huko njiani, akapiga funda moja kwanza, ndipo akamkaribisha.

Wakati nawasimulia, Konokono bado hajafika, ila njia ni safi. Na ninyi mkumbuke hili: anayekwambia unywe na ushukuru, mwambie aanze yeye.