Mama wa Dirishani

Sogeeni karibu. Leo sina zimwi wala sungura. Nina wauguzi watatu, mwalimu wao, na kesi iliyonishinda mimi mwenyewe.

Katika hospitali moja ya milimani, kule kwenye baridi na mashamba ya chai, Matroni Lugano aliwafundisha wasichana wengi, lakini watatu aliwapenda waziwazi. Tumpale alikuwa na huruma: mgonjwa akitetemeka, yuko tayari kumvulia sweta lake. Sekela alikuwa na kichwa: wodi nzima aliibeba akilini, dawa na saa zake. Atuganile alikuwa na mkono mwepesi: watoto walikuwa wakishachomwa sindano ndipo wanauliza watachomwa lini.

Siku zile zilikuwa tamu jamani. Kofia nyeupe zilitiwa wanga wa muhogo na kupigwa pasi ya mkaa, na asubuhi wodi iliamshwa kwa wimbo. Matroni alikuwa na desturi yake pia. Hakutaka mgonjwa aitwe kwa namba ya kitanda. "Namba ni za ng'ombe wa mnadani," alisema. Kwa hiyo mgonjwa aliitwa kwa mahali alipolala: Mama wa Mlangoni, Mama wa Dirishani. Wagonjwa walipenda, na hao watatu waliishika desturi hiyo hata walipokuwa wauguzi wazoefu.

Sasa Matroni alikuwa karibu kustaafu, naye alikuwa ameketi kwenye kamati ya nidhamu na watatu wake wamesimama mbele yake.

Ilikuwa hivi. Bibi mmoja mwenye kisukari alilazwa dirishani. Upepo ulipomzidi akawa anakohoa, Tumpale akamwonea huruma. Akambadilishia kitanda na Edna, mama kijana aliyefanyiwa upasuaji, naye Edna akafurahia hewa. Mara Tumpale akaitwa leba, akasahau kuwaambia wenzake.

Sekela alimkabidhi Atuganile zamu kwa kichwa, kama siku zote. "Mama wa Dirishani, insulini kabla ya chai." Faili hakufungua.

Atuganile akaenda dirishani na mkono wake mwepesi. Edna hata hakusikia maumivu, na hakuulizwa jina.

Edna hakuwa na kisukari. Haukupita muda sukari ikamshuka mno, akalowa jasho, akapoteza fahamu. Wote watatu walimpigania mpaka akazinduka, lakini ubongo ulikuwa umekwisha kuumia, na hadi leo anasahau majina ya wanawe.

"Familia inataka jibu, na ina haki," alisema Daktari Kibona, mwenyekiti wa kamati. "Mmoja atavuliwa sare na leseni."

"Mimi ndiye niliyemhamisha," alisema Tumpale. "Ningesema neno moja tu, tusingekuwa hapa."

"Na mimi ningefungua faili," alisema Sekela.

Atuganile alikuwa anaitazama mikono yake. "Sindano niliishika mimi. Ningemuuliza jina, angenitajia."

Matroni hakuvumilia. "Hiyo desturi ni yangu, Daktari. Niandikeni mimi."

"Wewe unastaafu, Matroni. Kukufukuza wewe ni kukusindikiza tu, na mume wa Edna ataona tumemchezea. Wewe ndiye uliyewalea, unawajua. Taja mmoja."

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi la nje Edna alikaa na mumewe, na binti yao mdogo alikuwa ameshika kidevu cha mama yake amgeuze amtazame.

"Mimi ni Tusajigwe, mama," alimwambia taratibu. "Sema Tusajigwe."

Matroni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Chumba kizima kilikuwa kinamsubiri.

Haya, ninyi mlionisikiliza. Kuna huruma iliyosahau, kichwa kilichojiamini, mkono uliowahi, na mwalimu aliyekatazwa kujitaja. Mngekaa kwenye kiti kile, mngemtaja nani? Na mkitoka nje, mngemwambia nini Tusajigwe?