Ukuta Uliozuia Upepo

Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, wanyama walikuwa na chuo kikuu chao. Mkuu wa chuo alikuwa Profesa Tembo. Siku moja akasema, "Nyota tumesoma, mashairi tumesoma. Sasa tupanue utafiti wa usalama wa nchi. Na uwe wa vitendo, si wa kukaa na vitabu."

Basi wakamwita Buku, yule panya mkubwa wa shambani, kwa ajili ya pua yake. Pua ile, wajukuu zangu, ilinusa sumu ndani ya gunia lililoshonwa. Mkewe, Semeni, alikuwa amejifungua juzi tu, na mtoto hajafungua macho.

"Nitarudi kabla hajayafungua," Buku akamwambia.

Akaenda, kazi akaifanya, akaimaliza. Alipofika langoni, Nyati mlinzi akamwekea pembe mbele.

"Wapi wewe, mkia mrefu?"

"Nyumbani, kaka. Kazi imekwisha."

"Hujasikia sheria mpya? Aliyeona siri za ndani hatoki nje."

Buku akarudi ndani. Kila alasiri akawa anakaa uani, pua juu. Upepo wa kwao ulimletea udongo uliolowa, karanga zinazokaangwa, na kwa mbali kabisa, harufu ya mtoto anayenyonya. Moyo ukatulia kidogo.

Kisha chuo kikapanuka. Ukuta ukainuliwa, juu, juu tena, mpaka ukafika masikioni mwa Tembo. Alasiri ile Buku akainua pua. Hakuna. Akanusa tena. Saruji mbichi tu.

Chakula kikamshinda. Lakini panya hata akilia meno hayaachi kutafuna. Akakosa cha kutafuna, akatafuna wazo.

Asubuhi akaenda kwa mkuu. "Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

"Ni ukuta, baba. Unaninyima usingizi."

"Ukuta wangu? Una nini?"

"Mzuri sana. Lakini nani ameujaribu?"

Tembo akaacha kutafuna.

"Adui hatakuja na mwili kama wako, baba. Atakuja mdogo, anayechimba. Sasa hapa mchimbaji ni nani?"

"Ni wewe."

"Nami niko ndani, adui yuko nje. Huo utafiti wa vitendo utafanyikaje?"

Nyati, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka, kwe kwe kwe. "Huyu anataka kutoroka."

"Kaka Nyati anaogopa," Buku akasema polepole. "Anajua nitapenya, na aibu itakuwa yake."

"Mimi? Nimwogope panya?" Nyati akakoroma mpaka vumbi likaruka. "Mtoe, Profesa. Hata akichimba mwaka mzima, huyu hapenyi."

Tembo akamzungushia mkonga, akamvusha ukuta, akamweka nje taratibu kama yai. "Jaribu kwa nguvu zako zote. Usituonee huruma."

"Sitawaonea, baba."

Wakubwa wote wakajipanga ndani, macho ukutani, masikio chini. Kimya, tii. Jua likazama, wapo. Jua likachomoza, wapo.

"Unasikia kuchimba?" Nyati akamnong'oneza Tembo.

"Sisikii."

Mwishowe Tembo akainua mkonga, akalia kwa furaha. "Hata Buku kashindwa!" Wakafanya karamu, na Nyati, ameshashiba, akamsikitikia. "Maskini, sijui aibu imempeleka wapi."

Imempeleka wapi? Majani yalikuwa yanasema chaka chaka chaka, pua mbele, mkia nyuma. Bondeni upepo ukamkuta: karanga. Akasimama, akalia kidogo, akaendelea.

Semeni alikuwa mlangoni anamenya karanga. Alipomwona akasogea ampishe. Ndani, mtoto ameshafungua macho, meusi, makubwa. Akamtazama Buku, asimjue, akarudi nyuma.

"Nimechelewa," Buku akasema.

"Ngoja kwanza," mkewe akamjibu.

Mtoto akainua kijipua chake. Akanusa, akanusa tena, akamjia mbio, akajikunja tumboni mwake kama aliyezoea kulala hapo.

"Kila jioni nilimlaza kwenye mkeka wako," Semeni akasema.

Ndiyo hivyo, wanangu: ukuta hufunga miguu, lakini anayekumbuka kwao hafungiki.