Rekebisho Lililochelewa

Wapendwa, kulikuwa na fundi mmoja wa kompyuta, mwanamke makini na mcha Mungu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ile programu inayokaa chini ya programu nyingine zote, inayotunza mafaili na kukumbuka kila faili liko wapi. Wewe huioni. Lakini ikikosea, ulichoandika kimepotea.

Huko nyuma aliwahi kurekebisha kitu kimoja kwa haraka, akaharibu kingine kilichokuwa kizima. Watu walipoteza kazi zao, wakamsema mpaka akalia. Akaapa kwamba kila akigusa chochote, atapima upya mambo yote ya zamani, aone kama bado yanafanya kazi. Kiapo kizuri, au sivyo? Ila vipimo viliongezeka mwaka hadi mwaka, hata kuvimaliza ikawa kazi ya siku nyingi.

Basi hospitali moja ikampigia simu. Umeme ukikatika wakati faili la mgonjwa linaandikwa, likifunguliwa tena ni tupu. Fundi na mwenzake wakakaa, na kabla jua halijazama wakalipata kosa, wakalirekebisha.

"Dada," mwenzake akasema, "tupime kwanza yale yanayogusa sehemu hii. Yakipita, kesho tuwapelekee. Mengine tutaendelea kuyapima."

"Na likiharibika jingine?"

"Huenda. Lakini hili tunajua linaharibu sasa hivi."

"Hapana. Sitaki kusemwa tena. Tunapima yote."

Wakapima. Walipokaribia mwisho, kipimo kimoja kikafeli, cha jambo dogo ambalo hospitali ile haikulitumia kabisa. Akalirekebisha, akaanza upya. Hospitali wakapiga tena. Akawaambia, "Vumilieni kidogo."

Wiki hiyo umeme ukakatika pale hospitalini. Kesho yake akaletwa mshonaji mmoja, mama wa watoto wadogo, homa imempanda, hana fahamu. Faili lake, lililokuwa likiandikwa jana yake umeme ulipokatika, lilikuwa limeeleza wazi kwamba sindano ya penisilini inamdhuru. Nesi akalifungua. Tupu! Aliyemleta alikuwa jirani tu, hakujua lolote. Mgonjwa akachomwa sindano. Mumewe alipofika anahema, alikuta shuka limeshafunika uso.

Habari zilimkuta fundi mbele ya kompyuta yake. Vipimo vyote vilikuwa vimepita.

"Lakini mimi sikufanya uzembe," akasema.



Ndugu zangu, ni kweli, hakufanya uzembe. Ndiyo maana mfano huu unanitisha. Mzembe tunamjua, tunamkemea. Huyu tungemsifu hapa mbele ya kanisa!

Sisi tuliowahi kukosea tukaaibika, tujiulize: uangalifu wetu unamlinda nani? Sisemi tukurupuke, alipoharakisha mara ya kwanza aliumiza watu. Nasema kuna kupima kwa kuhofia jirani asiumie, na kuna kupima kwa kuhofia lawama, na ukitazama kwa nje vinafanana. Ni nani anayesubiri msamaha wako, nawe bado unayapanga maneno yakae sawa? Ni mgonjwa gani hatujamwona, kwa sababu kamati haijakamilika? Tunajiona wenye busara. Kumbe tunaogopa, na mtu mwingine ndiye anayelipia hofu yetu.

Programu ile ilifika hospitalini siku mshonaji alipozikwa. Haikuwa na kosa hata moja.