Mtani Aliyevuka Kuja Kuzika

Nina kisa!

— Tupe!

Kina mwiba ndani.

— Tutakitafuna na mwiba wake!

Mtakitafuna? Haya, meno ni yenu, si yangu. Kaeni vizuri basi, na mikono isikae bure, karanga hizo hazijimenyi zenyewe.

Zamani, zamani ile ambayo hata bibi wa bibi yangu aliikuta imeshazeeka, kulikuwa na nchi iitwayo Ulonga, na katikati yake ukipita mto Lukwale. Ng'ambo ya huku, bondeni, waliishi watu wa Chini, wenye mtama na chumvi. Ng'ambo ya kule, milimani, waliishi watu wa Juu, wenye chuma na makaa. Nchi moja, mtemi mmoja, mto mmoja. Na watu wa Juu na watu wa Chini walikuwa watani.

Mnaujua utani ninyi? Ninyi mnajua kuchekana tu. Utani ulikuwa na sheria zake. Mtani akikutukana, hukasiriki. Mtani akikamata kuku wako, humwiti mwizi. Unamkomboa kuku kwa kitu kidogo, mnacheka, yamekwisha. Na siku ya msiba, wenye msiba hulia na mtani hucheka. Yeye ndiye mchimba kaburi. Yeye ndiye anayemwiga marehemu mwendo na sauti, anamtukana mbele ya mama yake, kisha anaingia kaburini analala chali, anasema hatoki mpaka apewe jogoo. Akishapewa anatoka, marehemu anashushwa, na mtani huyo huyo anatupa udongo wa kwanza. Bila udongo wa mtani, mtu wa Ulonga hajazikwa. Amefichwa tu.

Basi huku Chini, karibu na kivuko, aliishi mwanamke mmoja mpika chumvi, jina lake Mkami. Mdomo alikuwa nao huyo! Akisimama ukingoni na vyungu vyake, humwona ng'ambo mtani wake Semboja, mchoma makaa wa Juu, mweusi kwa masizi mpaka kope.

"We Semboja!" humwita. "Bado hujafa tu? Mimi nina hamu na ugali wa matanga yako!"

"Nife mimi, nikuachie nani?" Semboja hujibu. "Nakungoja wewe utangulie, mla panya mkubwa! Kaburi lako nimeshalipima, ila mdomo hauenei!"

Wakacheka, kila mtu akarudi kazini. Ndiyo maisha yao yalivyokuwa. Mkami alikuwa na mtoto mmoja tu, Lugome, wa miaka minne, mwenye tumbo mbele na makalio nyuma, na Semboja alipenda kumwita "shemeji yangu bata."

Siku moja mtemi mzee akafa, kule Juu. Watani wa Chini wakavuka kwenda kuzika, na Mkami naye yumo. Wakachimba, wakaiga kikohozi cha mzee, wakatukana mpaka wajane wakacheka huku wanalia. Kisha, kama ilivyo desturi, wakakamata kitu. Safari hii wakakamata kiti cha utemi chenyewe! Wakakibeba juu juu, wakisema, "Hakirudi mpaka tupewe mbuzi!" Mkami mwenyewe alikikalia mara mbili njiani, akijipepea, "Nipisheni, mimi ndiye mtemi!"

Mtemi mpya alikuwa mwanawe, kijana, jina lake Luhende. Hakutoa mbuzi. Alisema, "Kiti changu hakikombolewi. Wakirudishe kwa magoti."

Mzee mmoja wa Chini, Magoda, akadhani ni utani unaendelea. Akajibu kwa sauti, "Kama hutaki kukomboa, basi kiti tunacho, na nchi tunayo! Kuanzia leo Chini ina mtemi wake!" Watu wakaangua kicheko.

Luhende hakucheka. Wengine husema alilelewa kwa wajomba zake nchi ya mbali, hakuujua utani. Wengine husema aliujua sana, ila alikuwa anatafuta sababu. Mimi? Mimi nadhani aliujua. Akatuma watu wenye mikuki, wakaua watatu kivukoni, wote watani waliotoka kumzikia baba yake. Hapo watu wa Chini wakasema, "Kumbe. Basi lile la mzaha tulifanye kweli." Wakamkalisha Magoda kwenye kiti, wakakata kamba za kivuko, wakajitenga.

Wakapigana mwaka wa kwanza. Kila upande ukasema, kabla ya mavuno yatakuwa yamekwisha. Hayakwisha. Wakapigana mwaka wa pili, wakapigana mwaka wa tatu. Na vita, wajukuu zangu, vinataka kula kila siku, havina mwezi wa kufunga.

Juu walikataza chuma kushuka, Chini walikataza chumvi kupanda. Kule wakaanza kula mboga zisizo chumvi, huku wakaanza kulima kwa miti. Wajumbe wa Magoda wakapita nyumba kwa nyumba kukusanya majembe yayeyushwe yawe mikuki, na vita vikala majembe. Wajumbe wa Luhende wakapita wakikusanya ng'ombe wa kulisha askari, na vita vikala ng'ombe. Mtama ukaenda, vijana wakaenda. Na vichakani, mbali na macho ya walinzi, watu wa Chini wakiuza chumvi kwa siri wapate chuma cha Juu, na chuma kile kile kikarudi mlimani kimekaa kwenye ncha ya mshale. Nani alikuwa hajui? Wote walijua. Naye mtemi jirani, yule wa Utenga, alikuwa akija kusuluhisha kila kiangazi. Asubuhi anawasihi wapatane, jioni anawauzia wote wawili sumu ya mishale. Mfyuu! Msuluhishi huyo!

Lakini chakula kikubwa cha vita vile kilikuwa maiti. Nani angewazika? Mtani yuko ng'ambo, na kuvuka ni kifo. Kwa hiyo waliokufa waliwekwa kwenye mashimo, wakafunikwa matawi tu, wakingoja udongo. Kila wazee walipotaka kupatana, mtu alisimama akauliza, "Na wale waliolala chini ya matawi je? Waliowaua ndio waliotakiwa kuwazika! Waje kwanza!" Ng'ambo nako maneno yalikuwa hayo hayo. Wakarudi kupigana kwa ajili ya waliokufa, wakaongeza waliokufa.

Miaka kumi na sita. Mkami alipika chumvi ya jeshi, mgongo ukapinda, meno yakapungua. Ng'ambo aliuona moshi wa tanuri la Semboja, naye alichoma makaa ya jeshi. Hawakuitana tena. Mdomo ule ukalala kama umekufa ganzi.

Katika mwaka wa kumi na sita, mwezi wa kupalilia, wakamletea Lugome amebebwa kwenye machela. Mshale ulimpata shingoni. Alikuwa na miaka ishirini.

Mkami hakupiga yowe. Aliketi, akamfuta vumbi usoni, akamfuta tena pale pale alipokwisha kumfuta. Majirani wakaja na matawi. Mkami akasema, "Hapana."

"Dada Mkami, tufanyeje sasa? Ndiyo tunavyowaweka wote."

"Nimesema hapana! Mwanangu hafunikwi matawi kama kuni. Mwanangu anazikwa."

Akainuka, akaenda kivukoni jua likiwa kichwani. Mlinzi mkuu wa kivuko alikuwa kijana mmoja, Mbago, rafiki mkubwa wa Lugome. Yeye ndiye aliyembeba kutoka vitani, na damu ilikuwa bado imemkaukia begani.

"Baba," Mkami akamwambia, "nataka mtu mmoja avuke. Hana silaha. Anakuja kumzika Lugome."

Mbago akatazama ng'ambo. "Mtu wa Juu, Mama?"

"Mtu wa Juu. Bila yeye hazikiki."

"Kwa Lugome, sawa," Mbago akasema. "Nikikamatwa nitakatwa kichwa, lakini kwa Lugome, sawa."

Ndivyo alivyompenda. Na Mkami hakumweleza zaidi ya hapo. Angeeleza nini? Nani hukaa akaeleza kwamba maji yanalowesha? Alidhani kila mtu wa Ulonga anajua mtani anavyozika. Hapo ndipo alipokosea, wajukuu zangu, na mimi simlaumu.

Akasimama ukingoni, akavuta pumzi, akapaza ile sauti ya zamani. "We Semboja! Mchoma makaa usiyeoga! Upo, au panya wamekula masikio yako?"

Kisha nyuma ya moshi akatokea mzee mmoja amekonda, fimbo mkononi.

"Nani anabweka huko?" akauliza. "Bado hujafa tu, we mla panya?"

"Sijafa. Amekufa shemeji yako bata."

Yule mzee akasimama pale pale. Kisha akaiacha fimbo, akaingia majini na nguo zake.

Alipofika hakumsalimu Mkami, maana mtani hasalimu msibani. Akachukua jembe la mti, akachimba pale nyumbani, kando ya maiti. Alichimba saa nzima, mzee yule, na hakutaka kusaidiwa. Mbago na walinzi wenzake sita walisimama kando na mikuki yao, vichwa chini. Kaburi lilipofika kifuani, Semboja akatoka, akajifuta jasho, akaanza kazi yake.

"Huyu ndiye aliyekufa? Afadhali! Sasa vyungu vya Chini vitapumzika, mlafi ameondoka! Mtazameni alivyonyooka, mvivu mkubwa, hata kufa amekufa amelala!"

Kisha akamwiga mwendo. Lakini, masikini, Semboja hakuwahi kumwona Lugome akiwa mtu mzima. Lugome aliyemjua alikuwa wa miaka minne. Basi mzee yule akatoa tumbo mbele, makalio nyuma, akatembea kama bata kuzunguka maiti ya mwanamume wa miaka ishirini, akimwita mama yake kwa sauti ya kitoto.

Mkami akacheka. Miaka kumi na sita hajacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na machozi yanamwagika, na moyoni akahisi mwanawe sasa anazikwa kweli. Semboja akaruka ndani ya kaburi, akalala chali, akapiga kelele, "Hapa pazuri! Huyu mpumbavu wenu mtupieni fisi, mimi sitoki!"

Mbago alikuwa amekwisha kufika. Hakuna aliyemwona akitoka kwa wenzake. Aliusukuma mkuki kwa mikono miwili, chini, kaburini.

"Unafanya nini?" Mkami akapiga ukelele. "Mbago! Unafanya nini?"

Kijana alikuwa akilia kwa hasira. "Amemtukana, Mama! Tumesikia wote! Lugome amelala hapa, naye anamwita mpumbavu, anasema tumtupie fisi!"

"Alikuwa anamzika, baba!"

"Anamzika kwa matusi?"

Mkami akamtazama. "Vita vilipoanza, wewe ulikuwa wapi?"

"Mgongoni kwa mama."

Na wale wengine sita nao ni hivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona mtu akizikwa. Walijua matawi tu.

Mkami akapiga magoti ukingoni mwa kaburi. Semboja alikuwa bado ana pumzi kidogo. Akamwona, akajaribu kutabasamu na meno yake machache.

"Mtani," akasema, "nilikwambia... sitoki."

Akakata roho.

Nyamazeni kidogo. Hata mimi niacheni kidogo.

Sasa nani amzike Semboja? Mtani wake ni nani? Ni Mkami. Akasimama, akajaribu kumtukana kama inavyompasa. "We Semboja... we mchafu... umekuja kulala kwenye kaburi la watu..." Maneno yakamkauka. Hapakuwa na mtu wa kumjibu, na utani wa mtu mmoja hauendi. Akawaambia vijana wamshushe Lugome alale ubavuni kwa yule mzee. Wakamshusha, Mbago akimshika miguu. Kisha Mkami akachota udongo akamtupia mtani wake, kwa haki yake ya mtani, na udongo ule ule ukamfunika mwanawe. Lugome akazikwa. Yeye na Semboja ndio peke yao wa miaka ile yote waliozikwa.

Je, vita vilikwisha? Vingekwishaje? Watu wa Juu waliposikia mzee wao asiye na silaha ameuawa ndani ya kaburi, wakashuka na moto, vikaendelea miaka mitatu tena. Mbago alikufa katika vita hivyo hivyo, akafunikwa matawi. Mwisho vikaisha kwa sababu havikuwa tena na kitu cha kula. Hakuna aliyeshinda. Mto ukawa mpaka, nchi zikawa mbili, na mpaka leo ni mbili.

Na leo watu wa Juu na watu wa Chini hukutana sokoni. Hawapigani. Mmoja anasema, "Habari za asubuhi, ndugu." Mwenzake anainamisha kichwa, "Nzuri, ndugu, habari za huko kwenu." Wanapishana taratibu, kila mmoja anamwachia mwenzake njia. Wanaheshimiana sana. Salamu hizo zilipoanza, Mkami alikuwa bado hai, kikongwe, na kila aliposikia salamu zile aliziba masikio yake, akaondoka sokoni bila kununua kitu.

Basi, wajukuu zangu, mtu akikamata kuku wako kwa mzaha, mkomboe, hata kama siku hiyo umeudhika. Na watoto wenu waambieni desturi zenu, msidhani wanazijua kwa sababu ninyi mnazijua.

Kisa changu kimetua mzigo hapo. Anayekiinua, akiinue kwa mikono miwili.