Ukuta wa Pili

Wapendwa, mliocheka nimewasikia. Asubuhi hii nimesimama ukumbini mbele ya michoro ya vijana wetu, nikaisifu sana ile mvua ya baraka inayoshuka, mpaka mzee wa kanisa akaninong'oneza kwamba picha imetundikwa kichwa chini, na mvua yangu ni majani ya mahindi. Nimehubiri Kigoma, nimehubiri Voi, na kote huko aibu hutangulia kufika, mimi nafuata.

Basi tubaki na michoro. Kulikuwa na kijana mmoja mchoraji wa vitabu vya watoto. Kila alipofanya maonyesho, kwenye ukuta mmoja alitundika kazi zake, na kwenye ukuta wa pili kazi za wale aliojifunza kwao: kibao cha kinyozi wa mtaani kwao, kanga yenye pindo zuri, na ukurasa wa kitabu cha zamani cha shule wenye mbuzi, ambao mchoraji wake hakutajwa jina.

Siku moja akasikia kwamba anakuja mama mmoja kutafuta mtu wa kuchora vitabu vipya vya shule, kazi ambayo angeitamani kila mchoraji. Rafiki yake akamtahadharisha: ukiuacha ukuta ule utaonekana mwigaji. Akaondoa kila kitu, ikabaki misumari.

Mama akafika, mtu mzima, mwendo wa polepole. Akasimama kitambo mbele ya mbuzi aliyechorwa na kijana.

“Macho haya, mwanangu, nani alikuonyesha?”

“Hakuna, mama. Yalinijia tu.”

“Hata kwenye kitabu cha zamani hukuyaona?”

“Sijawahi.”

Hapo mama akamweleza taratibu kwamba yule mbuzi wa kitabu cha shule alimchora yeye, enzi za ujana wake, na jina lake halikuchapwa. Alisikia kuna kijana anayemtundika mbuzi huyo ukutani, akaja ili wafanye kazi hii wawili, amwachie yote anayoyajua kabla mkono haujachoka.

Na sisi je? Kusali tulifundishwa na nani, akitushika viganja? Kuimba je? Lakini tukisifiwa, tunasema ni juhudi zetu. Tena tunamwambia nani? Tunamwambia Yeye aliyetuchora, amesimama mbele yetu anauliza kwa upole. Akiuliza mara ya pili, ndugu zangu, anatupa nafasi. Tuitumie.

Maana yule kijana alipiga magoti, akasema, “Mama, nifundishe.”

Mama akachukua mkoba wake. “Wewe hukufundishwa na mtu. Endelea hivyo hivyo.”